Kuomba Nafasi ya Warsha ya Uandishi na Msaada wa Ada: Somo kwa Wanafunzi na Wazazi

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Wanafunzi wa madarasa ya juu wamekuwa wakituletea swali moja mara kwa mara. Wameona tangazo la warsha ya uandishi inayofanyika ng'ambo, wanapenda kuandika, lakini ada yake ni kubwa kuliko mshahara wa baba wa miezi kadhaa. Wanauliza: je, iko njia? Wazazi nao wana maswali yao: je, jambo hili ni la kweli au ni utapeli? Na mtoto wetu atakuwa mikononi mwa nani?

Somo hili ni jibu la maswali hayo. Mifano yetu mingi itatoka Marekani, kwa kuwa matangazo ya huko ndiyo yanayowafikia vijana wengi. Jambo moja msomaji alishike tangu mwanzo: anayesoma maombi yako hakujui, hajui wazazi wako, wala hajafika mtaani kwenu. Ana karatasi zako tu. Kwa hiyo mtaji wako mkubwa ni ukweli, katika hadithi unayoituma, katika fomu unayoijaza na katika barua ya kueleza hali ya nyumbani. Ukweli ukikosekana mahali pamoja, hata yale mazuri yaliyobaki hutiliwa shaka.

1. WARSHA YA UANDISHI NI NINI?

Warsha ya uandishi wa kubuni ni mafunzo ya muda mfupi, aghalabu wiki mbili, ambapo vijana huandika hadithi, mashairi au tamthilia, kisha husomeana na kukosoana mbele ya mwalimu. Katika warsha nyingi mwenye kazi hukaa kimya wakati wenzake wanaizungumza, ili asikie alichokiandika kimewafikiaje wengine. Jambo hili si geni kwetu. Washairi wa mwambao tangu zamani walikuwa wakijibizana, na aliyekosea mizani aliambiwa mbele ya watu.

Majira ya joto ya nchi za kaskazini ni Juni hadi Agosti, wakati ambapo kwetu ni kipupwe. Hivyo basi angalia kalenda ya shule yako kwanza. Kwa mwanafunzi wa Tanzania, likizo ya Juni huweza kuoana na warsha. Kwa wa Kenya, Juni na Julai ni katikati ya muhula, na itabidi ruhusa iombwe shuleni mapema.

Mji unaojulikana sana kwa kazi hii ni Iowa City, katika jimbo la Iowa. Chuo kikuu cha huko kilianzisha warsha yake ya waandishi mwaka 1936, na mwaka 1967 kikaanzisha programu ya kuwaalika waandishi wa mataifa mengine. Mwaka 2008 UNESCO iliutangaza kuwa Mji wa Fasihi. Chuo hicho kina pia mafunzo ya wanafunzi wa sekondari wakati wa majira ya joto, ya kuhudhuria na ya njia ya intaneti. Mfano mwingine ni warsha ya vijana ya Kenyon, katika kijiji cha Gambier, jimbo la Ohio, inayopokea vijana wa miaka 16 hadi 18. Zote mbili hutoza ada, na zote mbili hutenga fedha za kuwasaidia wasioweza kulipa.

2. WANATAKA NINI KUTOKA KWAKO?

Fomu hazifanani, lakini mara nyingi huombwa mambo manne.

Kwanza, sampuli ya maandishi yako. Hizi ni kurasa chache za hadithi au mashairi. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kijana wa Pemba au wa Lamu huandika habari ya theluji na ya watoto wenye majina ya Kizungu, akidhani ndiyo fasihi inayotakiwa. Lakini theluji hajaiona. Anachokijua ni mama anavyohesabu vitumbua kabla ya jua kuchomoza, au babu anavyoitazama bahari asubuhi ambayo mashua ya mwanawe haijarudi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, na vitabu vyake vimejaa watu wa pwani hii, maduka yao, safari zao na siri za nyumba zao. Andika unachokijua. Warsha hizi hufundisha kwa Kiingereza, basi sampuli itakuwa kwa Kiingereza, lakini si lazima maisha yaliyomo yawe ya Kiingereza.

Sampuli iwe yako mwenyewe. Mwalimu au ndugu anaweza kukuonyesha makosa ya tahajia, lakini asikuandikie. Siku hizi zipo programu za akili mnemba zinazotunga hadithi kwa dakika moja. Kutuma hadithi ya namna hiyo kwa jina lako ni kusema uongo, na pia ni kujidhuru. Ukikubaliwa utakaa mezani na vijana kumi, uambiwe uandike ukurasa mmoja papo hapo, na kila mtu ataona tofauti.

Pili, barua fupi ya kueleza kwa nini unataka kuhudhuria. Usiandike kwamba umependa kuandika tangu ulipozaliwa. Eleza kitu kimoja unachokiandika sasa, na mahali unapokwama. Kwa mfano: "Naweza kueleza mahali, lakini watu wangu wakianza kuzungumza wote husikika kama mtu mmoja." Mwalimu wa warsha akisoma hivyo, anajua atakufundisha nini.

Tatu, barua ya mwalimu anayekufahamu. Mwombe wiki tatu au nne kabla, wala usimwendee siku moja kabla ya mwisho. Mpe nakala ya kazi yako na tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye karatasi.

Nne, matokeo ya shule. Omba nakala ofisini mapema, maana ofisi za shule nazo zina foleni.

3. KUOMBA MSAADA WA ADA SI AIBU

Wapo wanafunzi wanaofika kwenye swali la fomu, "Je, unahitaji msaada wa fedha?", wakaandika "Hapana" kwa kuona haya, kisha wakikubaliwa hushindwa kwenda. Wapo wazazi pia wanaosema, "Sisi si ombaomba." Heshima hiyo tunaifahamu. Lakini tuitazame historia ya wanachuoni wetu.

Imam Shafii alizaliwa mwaka 150 Hijria. Baba yake alifariki angali mdogo, na mama yake akamlea Makka katika dhiki. Imepokewa kwamba mama huyo hakuwa na cha kumlipa mwalimu wa chuo, na mwalimu akaridhika mtoto asome bila ada, naye awasimamie wenzake pale mwalimu anapoondoka. Imepokewa pia kwamba alikuwa akiandika masomo yake juu ya mifupa kwa kukosa karatasi. Huo ndio ufadhili kwa maana yake hasa: mtoto ana uwezo, nyumba haina mali, na mwenye kusomesha anakubali kubeba tofauti. Baadaye madrasa kubwa za miji kama Baghdad zilijengwa juu ya wakfu uliowalisha wanafunzi na kuwapa posho, na hadi leo vijana wa Afrika Mashariki husoma Al-Azhar kwa ufadhili.

Hata hivyo, kuomba kuna adabu zake. Katika hadithi ya Qabisa iliyopokewa na Imam Muslim tunafundishwa kwamba si kila mtu ana haki ya kuomba. Miongoni mwa walioruhusiwa ni aliyepatwa na ufukara mpaka watu watatu wenye busara katika jamaa zake wakamshuhudia. Tafakari jambo hili. Haja ilitakiwa iwe ya kweli, na iwe na mashahidi. Fomu za leo zinapotaka hati ya mshahara wa mzazi au barua ya mwalimu, zinafuata njia iyo hiyo.

Na sababu yake iko wazi. Fungu la msaada lina mwisho. Mwenye uwezo akijifanya fukara akapewa, yuko mtoto mwingine, pengine yatima, ambaye nafasi yake imekwenda. Hatamjua, lakini amemdhulumu.

4. FANYENI HESABU KABLA YA KUTUMA

Ndugu mzazi, usisome neno "ufadhili" ukafurahi kabla ya kuuliza ni ufadhili wa nini. Upo msaada wa ada yote, upo wa nusu au robo, na upo msamaha wa ada ya fomu tu. Aghalabu ada ya warsha ya kuhudhuria huwa na malazi na chakula ndani yake, lakini tikiti ya ndege, viza na pasipoti huwa juu yako.

Tuchukue mfano wa kubuni. Ada ni dola 2,400, na mtoto amepata msaada wa nusu. Zimebaki dola 1,200. Tikiti ni dola 1,500. Viza, pasipoti na nauli za kwenda ubalozini ni dola 300. Matumizi ya mkononi ni dola 100. Jumla ni dola 3,100. Yaani mtoto aliyepata nusu ya ada bado anahitaji fedha zaidi ya ada nzima! Familia nyingi hugundua hivyo baada ya kutangaza furaha kwa jamaa wote, kisha huanza kukopa kwa riba au kuuza kiwanja. Wiki mbili za mafunzo, hata yawe mazuri kiasi gani, hazistahiki kiwanja cha familia.

Sasa tazama mafunzo ya intaneti. Hayana tikiti wala viza, na ada yake kwa kawaida ni ndogo. Mkipata msaada wa nusu, kinachobaki ni sehemu ya ada na bando la simu. Angalieni saa tu: wakati wa majira ya joto Iowa iko nyuma yetu kwa saa 8, hivyo darasa la huko la saa 10 jioni litakuwa kwetu saa 6 usiku. Ulizeni kama lazima mwanafunzi awepo papo hapo, au anaweza kusoma na kujibu kwa wakati wake.

5. BARUA YA KUELEZA HALI YA NYUMBANI

Barua hii ndiyo inayowashinda wengi. Tazama mifano miwili ambayo tumeitunga kwa ajili ya somo.

Mfano wa kwanza: "Sisi ni maskini sana. Hatuna chochote. Maisha yangu ni mateso matupu na ninyi ndio tumaini langu la mwisho duniani. Tafadhali nihurumieni."

Mfano wa pili: "Baba yangu ni fundi cherehani na mama anauza chakula nyumbani. Kwa pamoja hupata takriban dola 180 kwa mwezi, na tuko watoto watano, watatu tunalipiwa ada ya shule. Ada ya mafunzo yenu ya intaneti ni dola 500. Familia imekubaliana kutoa dola 60, na mjomba wangu ameahidi 40. Naomba msaada wa dola 400 zilizobaki. Nimeambatanisha barua ya mwalimu mkuu anayeifahamu hali yetu. Ikiwa mnaweza kutoa sehemu tu, naomba mnijulishe ili tuone kama tunaweza kujaza pengo."

Barua ya kwanza imelia, lakini haikueleza kitu. Msomaji hajui inahitajika shilingi ngapi. Tena ina neno lisilo sahihi, kwa kuwa tumaini la mwisho la Muislamu haliko kwa ofisi ya chuo. Barua ya pili ina hesabu, ina mchango wa familia, ina shahidi, na ina ombi lenye kiasi. Mwandishi wake hakujidhalilisha, wala hakuficha. Anayegawa fungu akiisoma anajua la kufanya.

Kumbuka pia kwamba barua hii inaeleza mambo ya wazazi wako. Wasomee kabla hujaituma. Baba ana haki ya kujua kwamba mshahara wake umeandikwa mahali.

6. MASWALI YA WAZAZI

Mzazi anayeuliza maswali hamzuilii mtoto maendeleo. Ulizeni kwa barua pepe, na warsha ya kweli itajibu: Nani anakaa na vijana usiku? Je, wavulana na wasichana wako mabweni tofauti? Kuna chakula cha halali, au angalau samaki na mboga? Kuna mahali pa kuswali? Akiugua, bima inalipa nini?

Swala ihesabiwe pia. Mwishoni mwa Juni jua la Iowa City huzama karibu saa 2:45 usiku, na Isha huingia baada ya saa 4. Kijana aliyezoea Magharibi ya saa 12 na nusu atahitaji ratiba ya huko mkononi tangu siku ya kwanza.

Kuhusu binti kusafiri bila maharimu, suala hilo muulizeni sheikh mnayemwamini, na mumuulize kabla ya fomu kujazwa. Msingoje wiki ya safari. Lakini msichana asiambiwe kwamba kuandika si kazi yake. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi karibu mwaka 1858, na mpaka leo unasomwa. Ikiwa safari haikuwezekana, mafunzo ya intaneti yapo, na binti atasoma akiwa nyumbani kwao.

7. JIHADHARINI NA MATAPELI

Palipo na ndoto za watoto, matapeli hawakosi. Alama zao ni hizi: wanakwambia umeshinda ufadhili ambao hukuuomba, wanataka fedha zitumwe haraka kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, wanataka picha ya pasipoti kabla ya kusoma hata ukurasa mmoja wa kazi yako, na wanakuahidi viza. Hakuna warsha inayoweza kukuahidi viza, maana viza hutolewa na serikali. Warsha za kweli huweza kutoza ada ndogo ya fomu, lakini tovuti yake huwa ni ya chuo chenyewe. Ingia katika tovuti hiyo wewe mwenyewe, usifuate kiungo ulichotumiwa, na andika barua pepe kwa anwani utakayoikuta humo.

8. MLANGO UKIFUNGWA

Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Iowa kilianza programu ya majira ya joto iliyowakutanisha vijana waandishi wa nchi za Kiarabu na wenzao wa Marekani, na baadaye ikapokea vijana wa nchi nyingine. Gharama zilitolewa na serikali ya Marekani. Februari 2025 serikali hiyo ilisitisha fedha zake, na programu ya kiangazi ikafutwa. Vijana waliokuwa wakijiandaa hawakuwa na kosa lolote. Funzo lake ni kwamba mwanafunzi asiweke matumaini yake yote katika fomu moja.

Yapo mashindano ya bure yasiyohitaji safari. Shindano la insha la vijana wa nchi za Jumuiya ya Madola lilianza mwaka 1883, na wanafunzi wa Kenya, Tanzania na Uganda wanaweza kushiriki bila kulipa. Kwa Kiswahili ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu kwa Watanzania, ambayo washindi wake wa kwanza walitunukiwa Aprili 2023. Tena hakuna anayewazuia wanafunzi sita kukaa barazani kila Alhamisi baada ya Alasiri, kila mmoja na ukurasa wake, wakasomeana na kukosoana kwa adabu. Hiyo nayo ni warsha, na ada yake ni daftari.

Ukikataliwa, usiseme kipaji huna. Nafasi huwa chache kuliko waombaji. Andika barua fupi ya shukrani, weka sampuli yako, isome tena baada ya miezi mitatu, na utaona mwenyewe pa kurekebisha.

9. RATIBA YA MWAKA

Warsha nyingi za majira ya joto hufunga maombi kati ya Januari na Machi. Katika miaka ya 2026 na 2027 Ramadhani nayo inaangukia Februari na Machi. Anayesubiri dakika ya mwisho atajikuta anajaza fomu baina ya futari na Tarawehe. Basi fuata utaratibu huu:

Septemba na Oktoba: andika na uandike tena sampuli yako. Zungumza na wazazi.
Novemba: soma masharti ya warsha mbili au tatu. Fanya hesabu na familia.
Desemba: omba barua ya mwalimu na matokeo. Andika barua ya hali ya nyumbani na uwasomee wazazi.
Januari: tuma, angalau wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho, kwani umeme na intaneti havina ahadi.

ZOEZI

1. Andika ukurasa mmoja juu ya kazi anayoifanya mtu mmoja wa nyumbani kwenu. Usitumie neno "maskini" wala "tajiri". Msomaji aione hali kwa vitendo.
2. Ada ni dola 600, msaada ni robo tatu. Familia inaweza kutoa dola 90. Je, utaandika nini katika barua yako ya pili?
3. Taja watu watatu wanaoweza kuishuhudia hali yako na kazi yako, na sababu ya kumchagua kila mmoja.
4. Pamoja na mzazi wako, andikeni maswali matano mtakayoiuliza warsha kabla ya kujaza fomu.

Majibu yaletwe kwa mwalimu wa darasa. Tutayasoma pamoja, insha-Allah.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azifanye kalamu za watoto wetu ziwe za kweli, awafungulie milango yenye kheri na awaepushe na yenye shari.

Wabillahi tawfiq.